Handaki Lisilochimbwa: Sitiari, Istilahi na Utatuzi wa Hitilafu katika Mahandaki ya Mtandao baina ya Ruta

Ikisiri

Makala haya yanachunguza dhana ya handaki kama inavyotumika katika mawasiliano ya ruta za mtandao wa kompyuta. Yanaonyesha kwamba sitiari ya handaki, ijapokuwa imeenea, huficha jambo la msingi, nalo ni kwamba hakuna kitu kilichochimbwa baina ya ruta mbili. Kilichopo ni pakiti iliyofungashwa ndani ya pakiti nyingine. Kwa kutumia itifaki ya GRE kama kielelezo, makala yanaeleza jinsi handaki linavyosimikwa, yanachambua hitilafu nne zinazojitokeza mara kwa mara, kisha yanapendekeza fasili ambayo mwanafunzi anaweza kuitumia katika kutafuta hitilafu badala ya kuikariri tu.

1.0 Utangulizi

Neno handaki si geni katika Kiswahili. Asili yake ni neno la Kiarabu khandaq, na maana yake ya awali ni mtaro mrefu wenye kina, uliochimbwa ardhini hasa kwa ajili ya kujikinga na adui. Historia ya Uislamu, ambayo imeacha alama kubwa katika msamiati wa pwani, inavikumbuka Vita vya Handaki vya mwaka 627, pale watu wa Madina walipochimba mtaro, kwa ushauri wa Salman al-Farsi, ili kuwazuia Wamakka na washirika wao wasiingie mjini. Baadaye neno hilo lilipanuka kimaana hata likajumuisha njia inayopenya chini ya ardhi au ndani ya mlima, kama zile zinazopitisha reli. Maana hii ya pili ndiyo inayochukuliwa linapohitajika jina la njia ya mawasiliano inayounganisha ruta mbili kwa kuvuka mtandao wa watu wengine.

Katika taaluma ya istilahi imezoeleka kupima neno jipya kwa vigezo vya ufupi, uwazi, usahihi na uwezo wa kuzalisha maneno mengine. Kwa vigezo hivyo, handaki ni istilahi nzuri: ni fupi, inaeleweka, na inaleta taswira mara moja. Hata hivyo, istilahi za ufundi zina mtihani mwingine ambao haupewi uzito unaostahili. Mtihani huo ni huu: kitu kinapoharibika, je, neno linamwelekeza fundi pale penye kosa au linampotosha? Neno linaweza kuwa wazi kabisa wakati mambo yanakwenda sawa, kisha likawa kiza wakati yanapokwama.

Hoja ya makala haya ni kwamba taswira ya handaki humpotosha fundi katika wakati huo wa kukwama. Anayeamini kuwa kuna tundu baina ya ruta mbili hutafuta kosa katikati ya tundu, mahali ambapo kwa kweli hapana kitu. Anayefahamu kuwa kilichopo ni ufungashaji hutafuta kosa kwenye ncha mbili na katika barabara ya kawaida inayopitiwa. Ili kuithibitisha hoja hii, sehemu ya pili inaeleza chimbuko la dhana, ya tatu inaeleza usimikaji, ya nne inachambua hitilafu, ya tano inatoa utaratibu wa uchunguzi, na ya sita inarejea katika suala la istilahi.

2.0 Chimbuko la Dhana

Ruta ni mtambo unaopokea pakiti za data, ukasoma anwani ya mpokeaji iliyo katika kichwa cha kila pakiti, kisha ukaamua njia ya kuipitishia. Katika kazi hiyo, ruta haina haja ya kuisoma shehena iliyomo, kama vile karani wa posta asivyohitaji kuifungua barua ili ajue pa kuipeleka. Tabia hii ndiyo iliyozaa dhana ya handaki. Ikiwa ruta za njiani haziangalii shehena, basi shehena inaweza kuwa kitu chochote, hata pakiti nyingine nzima yenye kichwa chake na anwani zake.

Mfano maarufu wa awali ni ule wa MBone. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, ruta nyingi za intaneti hazikuwa na uwezo wa kupitisha pakiti za kundi, yaani pakiti inayotumwa mara moja na kuwafikia wapokeaji wengi walioiomba. Mitandao michache ya watafiti iliyoweza kazi hiyo ilikuwa kama visiwa vilivyotenganishwa na bahari. Mwezi Machi 1992, sauti kutoka katika mkutano wa wahandisi wa intaneti, IETF, uliofanyika San Diego, Marekani, ilirushwa hadi vituo 20 katika mabara matatu. Visiwa hivyo viliunganishwa kwa mahandaki. Mahandaki ya mwanzo yalitumia kipengele cha itifaki ya IP kinachoitaja ruta ambayo pakiti lazima ipitie. Baadaye mbinu hiyo iliachwa, na pakiti za kundi zikawa zinafungashwa nzima ndani ya pakiti za kawaida.

Mbinu hii iliwekewa kanuni katika nyaraka za RFC, ambazo ndizo zinazochapisha viwango vya intaneti. Itifaki ya GRE, ambayo hufungasha pakiti za itifaki mbalimbali, ilielezwa katika RFC 1701 ya Oktoba 1994, na toleo lake lililorahisishwa likatolewa katika RFC 2784 ya Machi 2000. Katikati ya nyaraka hizo mbili ilitoka RFC 2003 ya Oktoba 1996, iliyoeleza namna ya kufungasha pakiti ya IP moja kwa moja ndani ya pakiti nyingine ya IP. Mtandao wa majaribio wa IPv6 uliojulikana kama 6bone, ulioanza mwaka 1996 na kufungwa tarehe 6 Juni 2006, nao ulianza kwa mahandaki yaliyopita juu ya mtandao wa IPv4. Katika historia yote hii sababu ni ile ile: kuna mitandao miwili inayoelewana, na katikati yao kuna mtandao usioielewa lugha yao au usiozijua anwani zao.

3.0 Usimikaji wa Handaki

Chukulia ruta mbili, moja ya Kaskazini na nyingine ya Kusini. Ruta ya Kaskazini ina anwani ya nje 192.0.2.1, na ya Kusini ina anwani ya nje 198.51.100.1. Anwani hizi zimo katika mafungu yaliyotengwa kwa ajili ya mifano ya maandishi, kwa hiyo si za mtu yeyote. Nyuma ya ruta ya Kaskazini kuna mtandao wa ndani wa 10.1.0.0/16, na nyuma ya ile ya Kusini kuna mtandao wa 10.2.0.0/16. Anwani zinazoanza na 10 ni za matumizi ya ndani. Ruta za intaneti hazina njia ya kuzifikia. Kwa sababu hiyo, kompyuta ya Kaskazini haiwezi kuiandikia kompyuta ya Kusini moja kwa moja.

Kusimika handaki la GRE baina ya ruta hizi kuna hatua tano. Kwanza, kuhakikisha kwamba anwani mbili za nje zinafikiana kwa njia ya kawaida, kabla ya handaki lolote kutajwa. Pili, kuunda katika kila ruta kiolesura cha handaki, ambacho si soketi ya waya bali ni maelezo yaliyoandikwa katika programu ya ruta. Tatu, kukiambia kiolesura hicho anwani ya mtumaji na anwani ya mpokeaji zitakazoandikwa kwenye kichwa cha nje. Kwa Kaskazini, mtumaji ni 192.0.2.1 na mpokeaji ni 198.51.100.1, kwa Kusini ni kinyume chake, kama mtu na sura yake katika kioo. Nne, kukipa kila kiolesura anwani ya ndani, kwa mfano 10.255.0.1 na 10.255.0.2, ili ncha mbili ziweze kuongea. Tano, kuandika katika jedwali la njia la Kaskazini kwamba mtandao wa 10.2.0.0/16 unafikiwa kupitia handaki, na katika jedwali la Kusini kwamba mtandao wa 10.1.0.0/16 unafikiwa vivyo hivyo.

Baada ya hapo, pakiti inayotoka 10.1.0.5 kwenda 10.2.0.9 hufika katika ruta ya Kaskazini, ambayo huiongezea kichwa cha GRE chenye baiti 4 na kichwa kipya cha IP chenye baiti 20, kisha huituma katika intaneti kama pakiti ya kawaida inayokwenda 198.51.100.1. Ruta za njiani huona anwani za nje tu. Ruta ya Kusini huvivua vichwa viwili hivyo, ikaikuta pakiti ya awali, na kuiendeleza hadi 10.2.0.9.

Pantoni ya Kigamboni, Dar es Salaam, au feri ya Likoni, Mombasa, inaifafanua hali hii kuliko tundu la mlimani. Basi linapopanda pantoni, magurudumu yake husimama, na chombo kizima pamoja na abiria huwa shehena ya chombo kingine. Nahodha hana haja ya kusoma kibao cha safari kilicho kwenye kioo cha basi. Yeye anajua gati mbili tu. Abiria naye anaweza kusinzia asijue mawimbi yalikuwaje. Ng'ambo ya pili basi hushuka na kuendelea na safari yake kana kwamba maji hayakuwapo. Hakuna tundu lililochimbwa chini ya bahari. Kuna kupakia, kuvuka na kupakua.

4.0 Uchambuzi wa Hitilafu

Hitilafu nne zinazofuata zimechaguliwa kwa sababu kila moja inaonyesha namna taswira ya tundu inavyokinzana na uhalisi wa ufungashaji.

4.1 Handaki lililo hai upande mmoja

Tundu lililochimbwa mlimani likiwa wazi upande mmoja na kuzibwa upande wa pili, mtu aliyesimama mlangoni hugundua upesi. Handaki la GRE haliko hivyo. Itifaki yenyewe haina mazungumzo ya kuanzisha uhusiano. Kila ruta hufungasha na kutuma bila kuuliza kama kuna mtu wa kufungua. Kwa kawaida ruta hutangaza kwamba handaki liko hai maadamu ina njia yoyote katika jedwali lake ya kuelekea anwani ya mpokeaji wa nje. Hata njia ya jumla inayotumika kwa kila anwani isiyojulikana inatosha. Hivyo basi, ruta ya Kusini inaweza kuwa imezimwa tangu jana, na ile ya Kaskazini ikaendelea kuonyesha kwamba handaki ni zima. Baadhi ya watengenezaji wameongeza pakiti za kupima uhai, zinazotumwa kila baada ya sekunde kadhaa na kusubiriwa zirudi. Pasipo nyongeza hiyo, neno hai lina maana ndogo mno.

Sababu za kuwapo kwa hali hii ni nyingi, lakini tatu hutokea zaidi. Ya kwanza ni anwani zisizolandana: ruta yenye violesura kadhaa vya nje hutuma kwa anwani tofauti na ile inayosubiriwa ng'ambo, na pakiti zikafika na kutupwa kwa kuwa hazilingani na handaki lolote linalojulikana. Ya pili ni ngome, yaani mtambo au programu inayochuja pakiti. Kila pakiti ya IP hubeba namba ya itifaki inayotaja aina ya shehena yake: TCP ni 6, UDP ni 17, na GRE ni 47. Poti ni jambo jingine kabisa. Ni namba iliyo ndani ya TCP au UDP. Fundi anayeiagiza ngome iruhusu poti 47 amefungua mlango usiotumiwa na kuuacha umefungwa ule unaohitajika. Ya tatu ni ruta ya kati inayobadilisha anwani nyingi za ndani kuwa moja ya nje kwa kutegemea namba za poti. GRE haina poti, kwa hiyo ruta kama hiyo inaweza kushindwa kujua pakiti inayorudi ni ya nani.

4.2 Handaki linalojimeza

Hitilafu ya pili hujitokeza pale ruta zinapopashana habari za njia kwa itifaki maalumu, badala ya fundi kuziandika kwa mkono. Tuseme ruta ya Kusini inatangaza, kupitia handaki, kila mtandao inaoujua, ukiwamo ule wenye anwani yake ya nje. Ruta ya Kaskazini hupokea habari hiyo na kuilinganisha na njia ya kawaida. Kama itifaki inayotumika ni RIP, ambayo hupima urefu wa njia kwa kuhesabu ruta zinazovukwa, handaki zima huhesabiwa kuwa hatua moja, hata kama chini yake kuna ruta nane. Njia ya handaki huonekana fupi, nayo ikachaguliwa.

Matokeo yake ni kwamba ili kuifikia 198.51.100.1, ruta ya Kaskazini inapaswa kuingiza pakiti handakini. Na ili kuiingiza handakini inapaswa kuifungasha na kuituma 198.51.100.1, na ili kuifikia 198.51.100.1 inapaswa kuiingiza handakini. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ruta nyingi huugundua mzunguko huu na kulizima handaki kwa muda. Likishazimwa, tangazo la njia hupotea, njia ya kawaida hurejea, handaki huwaka tena, tangazo huja tena, na mzunguko ukaanza upya. Dalili yake ni handaki linalowaka na kuzimika kwa mwendo wa kupokezana, bila waya kuguswa na bila mvua kunyesha.

Hapa ni ruta yenyewe iliyodanganywa na sitiari. Imehesabu ufungashaji kuwa ni njia ya mkato, ilhali pantoni haiwezi kupakiwa ndani ya basi ililolibeba. Tiba ni kutenganisha matabaka mawili: ama kuandika kwa mkono njia mahususi ya kuelekea 198.51.100.1 peke yake kupitia nje, kwa kuwa njia iliyo mahususi zaidi hushinda iliyo pana, ama kuzuia anwani za nje zisitangazwe ndani ya handaki.

4.3 Pakiti kubwa kuliko chombo

Hitilafu ya tatu ndiyo inayosumbua zaidi kwa sababu hujificha. Mtandao wa Etheneti hubeba pakiti isiyozidi baiti 1500. Ikiwa vichwa vya nje vinachukua baiti 24, nafasi inayobaki kwa pakiti ya ndani ni baiti 1476. Mahali ambapo muunganisho wa nje unatumia PPPoE, ambayo huchukua baiti 8, nafasi hupungua tena hadi 1468. Taswira ya tundu haina pa kuliweka jambo hili, kwani tundu haliongezi ukubwa wa gari linalopita ndani yake. Ufungashaji huongeza.

Kompyuta za kisasa hutuma pakiti kubwa zikiwa na alama inayokataza zisigawanywe njiani. Ruta inayopokea pakiti ya baiti 1500 yenye alama hiyo haiwezi kuifungasha. Huitupa, kisha humpelekea mtumaji ujumbe wa ICMP wa aina ya 3, namba 4, unaosema kwamba pakiti ni kubwa na kumtajia kiasi kinachoruhusiwa. Utaratibu huu wa kutafuta ukomo wa njia ulielezwa katika RFC 1191 ya Novemba 1990, nao hufanya kazi vizuri maadamu ujumbe unafika. Lakini wasimamizi wengi huziagiza ngome zao zizuie ICMP yote kwa kudhani kuwa ni hatari tupu. Mtumaji asiye na habari huituma tena pakiti ile ile, nayo ikatupwa tena.

Dalili za hitilafu hii huwachanganya hata wenye uzoefu. Pakiti za majaribio hupita, kwa sababu ni ndogo. Muunganisho hufunguka, kwa sababu pakiti za kufungulia ni ndogo. Mtumiaji huingia katika kompyuta ya mbali, akaandika amri, akajibiwa. Lakini akiomba orodha ndefu ya majalada, kila kitu husimama. Ukurasa mwepesi husomeka, mzito haufunguki. Anayelifikiria handaki kama tundu huuliza: tundu liko wazi au limeziba? Swali hilo halina jibu, maana liko wazi kwa wadogo na limeziba kwa wakubwa.

Kipimo chake ni rahisi. Pakiti ya majaribio hutumwa ikiwa na alama ya kutogawanywa, na ukubwa wake hupandishwa hatua kwa hatua. Shehena ya baiti 1448, ikiongezwa vichwa vya IP na ICMP vyenye jumla ya baiti 28, hufikia 1476 barabara; ikipita hiyo na ikakwama ile ya 1449, ukomo umejulikana. Tiba ni tatu, na huenda pamoja: kukiwekea kiolesura cha handaki ukomo sahihi, kuruhusu ujumbe ule mmoja wa ICMP, na kuiagiza ruta ipunguze kiasi cha data kinachotajwa wakati wa kufungua muunganisho wa TCP, hadi baiti 1436, yaani 1476 ukitoa vichwa vya ndani vyenye baiti 40.

4.4 Handaki lisilo na kuta

Hitilafu ya nne haina dalili, na kwa sababu hiyo ni nzito kuliko zote. GRE haifichi chochote. Yeyote aliye njiani na mwenye uwezo wa kunasa pakiti anaweza kuvivua vichwa vya nje na kusoma shehena kama ilivyo. Hata ufunguo unaoweza kuwekwa katika kichwa cha GRE, kwa mujibu wa RFC 2890 ya Septemba 2000, ni namba ya utambuzi isiyosimba kitu, nao husafiri ukionekana.

Hapa historia ya neno inazidisha hatari. Handaki katika kumbukumbu ya Waswahili ni ngao. Lilichimbwa ili adui asifike. Msikilizaji anapoambiwa kuwa barua za ofisi au kumbukumbu za wagonjwa zinapita katika handaki, moyo wake hutulia pasipo sababu. Usiri hupatikana kwa kuongeza IPsec, ambayo usanifu wake ulielezwa upya katika RFC 4301 ya Desemba 2005, au kwa itifaki kama WireGuard, iliyoingizwa katika toleo la 5.6 la kiini cha Linux mwezi Machi 2020. Pakiti zilizosimbwa za IPsec huenda kwa namba ya itifaki 50, mazungumzo ya kukubaliana funguo hutumia UDP poti 500, na palipo na ruta inayobadilisha anwani yote mawili hupitishwa katika UDP poti 4500. Nyongeza hizi nazo ni ufungashaji. Hula nafasi, na hesabu ya sehemu ya 4.3 inapaswa kufanywa upya.

5.0 Utaratibu wa Uchunguzi

Kutokana na uchambuzi huo, utaratibu unaofaa ni ule unaokwenda kutoka nje kuingia ndani, kwa kuwa tabaka la ndani haliwezi kuwa zima ikiwa la nje ni bovu. Kwanza huchunguzwa kama anwani mbili za nje zinafikiana, zikitumiwa zile zile zilizoandikwa katika handaki. Pili, husomwa idadi ya pakiti zilizotoka na zilizoingia katika kila ncha. Ikiwa Kaskazini imetuma elfu moja na Kusini haijapokea hata moja, kosa liko njiani au katika ngome. Ikiwa Kusini imepokea zote na haijajibu, kosa liko katika jedwali la njia la Kusini. Tatu, hujaribiwa anwani za ndani za ncha mbili. Nne, hujaribiwa pakiti kubwa. Tano, hujaribiwa kompyuta zilizo nyuma ya ruta.

Yafaa kukumbuka kwamba programu ya kufuatilia njia, ikitumiwa kutoka ndani, huonyesha handaki kama hatua moja. Haiwezi kusema lolote kuhusu ruta zilizo chini yake. Anayetaka kuziona sharti aitumie kutoka nje, baina ya 192.0.2.1 na 198.51.100.1. Aidha, ni lazima ncha zote mbili zichunguzwe. Nusu ya ukweli iko ng'ambo, na hakuna kipimo cha upande mmoja kinachoweza kuileta.

6.0 Istilahi na Fasili

Je, istilahi ya handaki iachwe? Maneno mengine yanayoweza kupendekezwa hayana nafuu. Bomba huleta taswira ya kimiminika kinachosukumwa bila kukatika, ilhali pakiti husafiri moja moja na kila moja yaweza kupita njia yake. Mfereji una mwelekeo mmoja. Njia ya chini kwa chini ina kasoro kubwa zaidi, kwani katika Kiswahili kufanya jambo chini kwa chini ni kulifanya kwa siri, na siri ndiyo hasa isiyokuwapo. Utohozi wa neno la Kiingereza ungeepusha taswira potofu, lakini usingeleta iliyo sahihi.

Handaki, basi, libaki kuwa jina. Kinachohitaji kurekebishwa ni fasili. Orodha za istilahi aghalabu huweka neno la kigeni upande mmoja na la Kiswahili upande wa pili, zikamwachia msomaji kazi ya kubuni maana kutokana na taswira. Kwa dhana hii, desturi hiyo ina madhara. Fasili inayopendekezwa ni hii: handaki la mtandao ni uhusiano wa kimantiki baina ya ruta mbili, ambapo kila moja hufungasha pakiti za ndani ziwe shehena ya pakiti za nje zenye anwani ya ruta ya pili, nayo ruta ya pili huzifungua na kuziendeleza.

Ubora wa fasili hii ni kwamba hitilafu zote nne zinatokana nayo. Neno uhusiano wa kimantiki linaeleza kwa nini upande mmoja unaweza kudhani uko hai peke yake. Kutajwa kwa anwani ya ruta ya pili kunadai njia ya nje ya kuifikia, na hapo ndipo penye mzunguko wa sehemu ya 4.2. Shehena inadokeza uzito na nafasi. Kufungasha hakutaji kusimba, kwa hiyo hakuahidi siri. Vilevile fasili inazalisha istilahi ndugu: kufungasha na kufungua, kichwa cha nje na kichwa cha ndani, ncha ya handaki, ukomo wa handaki. Tena haifungamani na GRE. VXLAN, iliyoelezwa katika RFC 7348 ya Agosti 2014, hufungasha fremu za Etheneti ndani ya UDP poti 4789. Ukibadilisha neno pakiti za ndani kuwa fremu za ndani, na ruta kuwa mtambo, fasili inasimama.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kosa la kiistilahi linaweza kuwa kosa la kiufundi. Fundi aliyefundishwa kwa taswira ya tundu hutumia saa nyingi akitafuta palipoziba. Aliyefundishwa kwa fasili ya ufungashaji huuliza maswali manne yenye majibu: nani anafungasha, nani anafungua, njia ya nje ni ipi, na nafasi iliyobaki ni kiasi gani. Kadiri ofisi, hospitali na vyuo vinavyozidi kuunganisha matawi yao kwa njia hii, maswali hayo yatazidi kuulizwa na watu ambao lugha yao ya kufikiria ni Kiswahili. Inapendekezwa kwamba watunga kamusi na orodha za istilahi za kompyuta waambatanishe kila istilahi ya sitiari na fasili inayotaja utendaji wa kitu chenyewe, na kwamba fasili hiyo ijaribiwe mbele ya mafundi pale kitu kinapokuwa kimeharibika. Istilahi iliyofaulu mtihani huo haihitaji mtihani mwingine.